Teja naye ni raia

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwelimishaji rika mmoja, aliyewahi kutumia unga kwa miaka mingi, mbele ya vijana waliokusanyika Temeke, Dar es Salaam. Kwa heshima ya mama yake mzazi ameomba tusilitaje jina lake. Tumeichapa karibu yote kama alivyoitoa. – Mhariri)

Nimeambiwa nina nusu saa tu. Hilo halinipi taabu, maana kwa miaka 13 sikuwa na muda wangu mwenyewe. Muda wangu ulipangwa na kete. (Kicheko.)

Cheka tu, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nilianza kwa kucheka.

Nilikuwa konda wa daladala. Mwaka 1999, nikiwa na miaka 20, nilivuta kokteli yangu ya kwanza, yaani bangi iliyochanganywa na unga. Sikulazimishwa na mtu. Nilitaka kuonekana mjanja kama wajanja wenzangu. Baada ya miezi michache nikaamka asubuhi moja mifupa inauma, pua inatiririka, tumbo linakata. Nikadhani ni malaria. Wenzangu wakanicheka, wakasema hiyo siyo malaria, hiyo ni arosto, karibu chamani. (Kicheko.)

Pale kijiweni, nyuma ya stendi, tulikuwa wanne. Majina yao siyataji kwa sababu mama zao wangali hai. Leo hapa mbele yenu amesimama mmoja. Watatu wako makaburini, na nataka niwaeleze kila mmoja alivyofika huko. Nikimaliza, mniambie kama kilichowaua ni unga peke yake.

SINDANO MOJA, WATU WATANO

Ndugu zangu, unga haukuota hapa. Hakuna shamba la afyuni Mkuranga. Unatoka Afghanistan, unashuka mpaka pwani ya Makran huko Pakistan na Iran, unapakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka mwambao wetu. Ulianza kuingia miaka ya 1980. Siku hizo ulikuwa wa kahawia, na watu wakiuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, unaoyeyuka upesi kwenye maji, na hapo ndipo bomba la sindano lilipoingia vijiweni.

Bomba lenyewe halifiki bei ya soda. Lakini teja akienda duka la dawa, akionekana tu alivyochakaa, anafukuzwa kama mbwa. Akilipata, askari akimkuta nalo mfukoni, ndiyo kesi yenyewe hiyo. Kwa hiyo tulikuwa tunalificha moja kwenye tundu la ukuta, na tukilitumia watu watano. Tukilisuuza kwa maji ya dumu, basi.

Mwaka 2005 watafiti waliandika jambo walilolikuta hapa hapa Dar es Salaam. Baadhi ya akina dada waliokuwa wakijidunga walikuwa wakimaliza kujipiga, wanavuta damu yao wenyewe kwenye bomba, halafu wanampa mwenzao asiye na hela ajidunge ile damu, wakiamini ina unga ndani yake. Walifanya hivyo kwa kuoneana huruma. Mwenzio anaumwa arosto, huna kete ya kumpa, unampa damu yako. Pima mwenyewe umaskini huo na ujinga huo aliyeuacha uenee ni nani.

Matokeo yake yalipimwa. Uchunguzi uliofanywa jijini mwaka 2005 na 2006 kati ya watu waliokuwa wakijidunga ulikuta virusi vya UKIMWI kwa wanaume 27 katika kila 100, na kwa wanawake 64 katika kila 100. Kwa watu wazima wote nchini kiwango hicho ni karibu 5 katika kila 100. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa mmoja wa hao 27. Alifariki mwaka 2006, amebaki mifupa. Daktari aliandika UKIMWI. Mimi naandika bomba la sindano lisilofika bei ya soda.

ALIYETOKA MAHABUSU

Rafiki yangu wa pili alikamatwa mwaka 2008 kwa uzururaji. Mnaijua kesi hiyo. Huna kitambulisho, huna kazi ya kuonyesha, huna kitu kidogo cha kumpa mkubwa, basi wewe ni mzururaji. Alikaa mahabusu miezi minne. Humo ndani aliumwa arosto mpaka ikamwisha, bila kidonge hata kimoja. Siku aliyotoka tulifurahi, tukamchangia. Akapiga kipimo kile kile alichozoea kabla hajakamatwa.

Sasa sikilizeni, maana hili ni somo la afya. Mwili ukikaa miezi bila unga unasahau. Kipimo kilichokuwa cha kawaida jana, leo ni sumu. Ndiyo maana duniani kote siku za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo zinazoua zaidi. Yeye hakujua, na sisi hatukujua. Alilala, akaanza kukoroma vibaya, midomo ikabadilika rangi.

Nasi tulifanya nini? Tulikimbia. (Kimya.) Ndiyo, tulikimbia. Tungempeleka hospitali tungeulizwa tulikuwa wapi na tulikuwa tunafanya nini, kisha sote tukaishia sero. Tuliogopa kituo kuliko tulivyomwonea huruma rafiki. Hilo nimelibeba mpaka leo, na sitalitua.

Dawa ya kumwamsha mtu wa namna ile ipo. Inaitwa naloksoni. Inapinga unga mwilini na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Haileweshi. Lakini pale kijiweni hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia.

Na kama dawa haipo, bado kuna la kufanya. Mlaze kwa ubavu asisongwe na matapishi. Ukimwona hapumui, mpulizie hewa mdomoni. Tuma mtu akaite gari, na wewe usiondoke. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimtembeze. Kumbukeni haya hata kama yote mengine mtayasahau, maana kesho inaweza kuwa zamu ya mdogo wako.

MOTO

Wa tatu aling'oa kioo cha pembeni cha gari, mwaka 2009. Alikuwa kwenye arosto, na nasema kweli, aliiba. Sitawadanganya kwamba mateja hawaibi. Nimeiba mimi. Nimeiba sufuria ya mama yangu ikiwa na wali ndani. (Kicheko.)

Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Mnajua kinachofuata. Mawe, nondo, tairi, petroli. Walioleta petroli hawakuwa askari wala vigogo. Walikuwa vijana wa umri wenu, wengine walikuwa wamepeana naye mkono asubuhi ile. Mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya watu, sikusema neno. Ningefungua mdomo ningeulizwa, wewe nawe ni nani? Kioo kile kilikuwa na bei gani? Hata siku ile mwenye gari alikipata. Kilikuwa chini, hakijavunjika.

Haya, mniambie. Wa kwanza aliuawa na sindano chafu, wa pili na hofu ya polisi, wa tatu na moto wetu wenyewe. Unga ulikuwepo katika vifo vyote vitatu, sikatai. Lakini kila mmoja wao angekuwa hai leo kama angetazamwa kama mgonjwa na kama raia.

KIKOMBE

Mimi nilipona kwa sababu ya kikombe. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Afrika Bara kusini mwa Sahara. Kabla yetu kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimeanza mwaka 2006. Mwaka 2012 ikafuata Mwananyamala, baadaye Temeke hapa, na leo huduma hiyo imefika Zanzibar, Tanga, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Arusha. Kenya nao walianza Desemba 2014. Mimi ni mpinzani, lakini mpinzani si kipofu. Kilichofanywa vizuri nakisema ni kizuri. (Makofi.)

Methadoni inafanyaje kazi? Ni dawa ya maji, unakunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Inakaa mwilini siku nzima na zaidi. Arosto haiji, tamaa ya unga inapungua, na huhitaji sindano. Huamki alfajiri ukiwaza utaiba wapi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, pamoja na dawa za malaria na kifua kikuu.

Wapo wanaosema huo ni unga wa serikali, umeacha teja wa pusha umekuwa teja wa daktari. Jibu langu ni fupi. Mwenye kisukari anachoma insulini kila siku, mbona hamumwiti teja wa insulini? Mimi nakunywa kikombe changu saa mbili asubuhi, saa tatu niko kazini. Nimeoa, nina watoto wawili, nalipa kodi ya nyumba, na sufuria ya mama nimeirudisha, mpya, na mfuniko wake. (Kicheko na makofi.)

Lakini njia ya kikombe ina miiba. Unatakiwa kwenda kila siku, Idd na Krismasi zimo, na nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu asiye na kazi ni mlima. Halafu kuna mkasa ulionipata mimi. Mwaka wa kwanza nilikamatwa mita chache kutoka geti la kliniki, mkononi nina kadi ya matibabu. Kituo chenyewe sikitaji. Askari akaitazama kadi akasema, "Vizuri, umejiandikisha mwenyewe kuwa ni teja." Nililala sero siku mbili bila dawa. Wangapi walioona vile walirudi kliniki kesho yake? Mgonjwa wa kifua kikuu hakamatwi kwenye geti la hospitali eti kwa sababu anakohoa!

DAGAA NA PAPA

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1995 Bunge lilitunga sheria ya dawa za kulevya, Namba 9. Mwaka 2015 ikaja nyingine kali zaidi, Namba 5, na mwaka 2017 ikaongezwa makali. Kila mara tuliambiwa lengo ni wazungu wa unga, yaani wale mabwana wakubwa wa biashara hii. Sawa, hakuna anayewatetea. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kutumia ni jinai, na kukutwa na kete ni jinai. Nenda asubuhi yoyote kwenye mahakama zetu uangalie anayepanda kizimbani. Utamkuta kijana wa ndala, mwembamba, anatetemeka. Huyo ndiye dagaa. Papa yuko wapi?

Papa wapo, na baharini ndiko wanakoonekana. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Ni jahazi moja tu hilo! Mwaka huo huo Kenya ilikamata meli yenye heroini kwenye tangi la dizeli, na mwezi Agosti serikali yao ikailipua baharini mbele ya kamera. Moshi ulikuwa mkubwa, picha zikapendeza. Je, kete iliadimika Mombasa? Iliadimika Tandika?

Tazameni kesi ya ndugu wawili wa Mombasa, akina Akasha. Walikamatwa Novemba 2014. Kesi ya kupelekwa Marekani ikazungushwa mahakamani zaidi ya miaka miwili, mpaka Januari 2017 waliposafirishwa. Huko New York walikiri makosa yao, pamoja na kuhonga maofisa ili kesi isitembee. Mmoja akafungwa miaka 25 mwaka 2019, mwenzake miaka 23 mwaka 2020. Walichoshindwa kufungiwa nyumbani wakafungiwa ugenini. Tajiri wa unga ananunua muda wa mahakama. Teja hana hata hela ya kununua soda ya askari.

Hapa kwetu, Februari 2017, tulionyeshwa sinema nyingine. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo alisoma majina hadharani mbele ya vyombo vya habari: wanamuziki, wafanyabiashara, kiongozi wa dini, na kiongozi wa upinzani, Freeman Mbowe. Sisemi kwamba kila aliyetajwa katika nchi hii ni malaika. Nasema Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Hawa hata kushtakiwa walikuwa bado! Kama mtu mwenye mawakili na wafuasi anaweza kusomwa kwenye kipaza sauti bila ushahidi, yule kijana wa ndala atapona vipi? Anayefurahia haki ya mwenzake kuvunjwa anajichimbia shimo lake mwenyewe.

Na mwezi ule ule wa Februari 2017 Serikali ilisimamisha huduma za UKIMWI katika vituo vya mitaani vilivyokuwa vinawahudumia watu walio katika hatari zaidi. Mabwana hawa walikuwa wanapambana na nini, na ugonjwa au na mgonjwa?

URENO NA UFILIPINO

Mtauliza, je, kuna njia nyingine? Iko, na imejaribiwa na watu ambao hawakuwa na akili kutuzidi. Ureno, ile ile iliyowatawala jirani zetu wa Msumbiji mpaka mwaka 1975, ilipotoka kwenye udikteta na vita vya makoloni ilivamiwa na heroini. Kufikia miaka ya 1990 karibu mtu 1 katika kila 100 alikuwa anaitumia. Walikamata, wakafunga, ikaongezeka. Mwaka 2000 wakatunga sheria mpya, ikaanza kazi Julai 2001.

Sikilizeni vizuri, maana hapa wapotoshaji ni wengi. Ureno haikuruhusu biashara ya unga. Muuzaji bado anafungwa. Kilichobadilika ni kwa mtumiaji. Ukikutwa na kiasi kisichozidi matumizi yako ya siku kumi, hupelekwi kwa hakimu wa jinai. Unapelekwa mbele ya kamati ya watu watatu, wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Wanakuuliza, tatizo lako ni nini, unataka tiba? Fedha zikaelekezwa kwenye tiba, methadoni na sindano safi. Mwaka 2001 waliogundulika upya na virusi vya UKIMWI kutokana na kujidunga walikuwa zaidi ya 1,000. Mwaka 2017 walikuwa hawafiki 20. Nchi nzima, ndugu zangu! (Makofi.)

Sasa igeuzeni sarafu. Ufilipino, mwaka 2016, Rais Rodrigo Duterte aliingia madarakani kwa kuahidi kuua, na akatimiza. Polisi wao wenyewe walikiri kwamba waliouawa katika operesheni zao ni zaidi ya 6,000, na watetezi wa haki wanasema idadi ni kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Wengi wao ni walalahoi wa mijini, vijana kama ninyi. Je, dawa za kulevya ziliisha? Hazikuisha. Machi 2025 Duterte alikamatwa na kupelekwa The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Watu waliompigia makofi walibaki na makaburi.

Haya, chagueni. Njia ya kamati ya watu watatu, au njia ya tairi na petroli?

TUNACHODAI

Kwa hiyo tunadai nini? Nayataja moja moja, ili asiseme mtu kwamba wapinzani hawana sera.

Kwanza, sheria imtenganishe mtumiaji na mfanyabiashara. Aliyekutwa na kete ya kutuliza arosto yake apelekwe kliniki, asipelekwe Keko. Mwenye jahazi apelekwe Keko, na kesi yake isikilizwe upesi, hadharani.

Pili, polisi wakae mbali na mageti ya kliniki, na kadi ya matibabu isiwe ushahidi wa kumfungia mtu. Kesi za uzururaji za kuwazoa vijana mitaani zikome.

Tatu, sindano safi zitolewe bila maswali, na zilizotumika zikusanywe. Madaktari wa Médecins du Monde kutoka Ufaransa walilifanya hili hapa Temeke mwanzoni mwa miaka ya 2010, na hakuna mtoto wa shule aliyegeuka teja kwa kuona bomba jipya. Wanaosema sindano inafundisha uteja wajue kwamba uteja haujifunzi kwa sindano. Mimi nilijifunza kwa sigara ya kugawana.

Nne, naloksoni iwepo kwenye zahanati zetu na mikononi mwa waelimishaji rika. Na anayemleta mwenzake hospitali asikamatwe kwa kumleta.

Tano, methadoni iingie kwenye bajeti yetu wenyewe. Sehemu kubwa ya huduma hii imekuwa ikibebwa na fedha za Marekani. Januari 2025 wakubwa wa huko wakasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kwa saini moja. Sisi tunaokunywa kikombe tulilala macho. Uhai wa raia wa Temeke hauwezi kuning'inia kwenye kalamu ya Washington wakati hapa mashangingi yananunuliwa kila mwaka. Fedha zipo! (Makofi marefu.)

Sita, ndani ya magereza kuwe na tiba. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza kumtesa mtu na kumpa adhabu ya kumdhalilisha. Kumwacha mgonjwa anagaragara sakafuni wiki mbili kwa arosto, dawa ikiwa ng'ambo ya ukuta, ni mateso hayo.

NA SISI JE?

Namalizia, Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimewasema watawala, mkapiga makofi. Sasa naomba muvumilie dakika mbili niseme na sisi.

Katika mikutano yetu tunapiga kelele za demokrasia na haki za binadamu. Tunalia tukipigwa mabomu ya machozi, na tuna haki ya kulia. Lakini tukirudi mtaani jioni, kijana akishikwa na kuku, ni nani anayekwenda kutafuta tairi? Ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Haijasema "isipokuwa teja." Huwezi kudai Katiba mchana na kuichoma moto usiku.

Sisemi mwizi asikamatwe. Mkamate, mpeleke panapohusika, simama naye mpaka afike salama. Utatukanwa, utaambiwa unatetea wezi. Kubali. Mimi siku ile ya 2009 nilikosa mtu mmoja tu wa kusema, "Jamani, inatosha." Watu tulikuwa zaidi ya mia, na mtu huyo hakuwepo. Ningeweza kuwa mimi.

Na wewe uliye hapa, ambaye tayari umeanza, najua upo, kwa sababu nami nilikuwa nakuja kwenye mikutano kama hii nikiwa nimejaa. Sikuhukumu. Usitumie peke yako. Usishirikiane sindano. Siku ukichoka, njoo unitafute, nitakusindikiza mpaka dirisha la dawa, na nauli ya siku ya kwanza ni juu yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pale nyuma ya stendi benchi letu bado lipo. Juzi nilipita nikakuta vijana wanne wamekaa, mmoja anasinzia. Niliketi nao. Tulikuwa watano, na tukaongea mpaka magharibi. Wawili kati yao kesho wanakwenda kliniki nami, Mungu akipenda. Hao wengine wawili nawaombeni ninyi mnisaidie.

(Makofi.)